Ipinda na vijiji vyake: kwa nini ushuke kabla ya kufika Matema

Ipinda ni mji mdogo katika Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Uko kwenye uwanda wa chini wenye milima ya Rungwe upande wa kaskazini, Milima ya Livingstone upande wa mashariki, na ziwa upande wa kusini. Kwa msafiri, Ipinda ni njia panda. Barabara moja inatoka upande wa Kyela mjini, nyingine inateremka kutoka Tukuyu kupitia Masoko, na ya tatu inakwenda Matema, ufukweni.

Kwa miaka mingi, aliyetaka kwenda Matema ilimlazimu kushuka Ipinda na kusubiri. Magari ya kutoka Tukuyu yaliishia hapo, hata kama dereva alikuwa ameapa asubuhi kwamba anafika ziwani. Abiria walikula, wakanunua mchele, wakaulizana habari, ndipo wakapanda gari jingine. Siku hizi barabara ya Kikusya hadi Matema kupitia Ipinda, yenye urefu wa kilomita 39 hivi, imewekwa lami. Kwa mkulima mwenye gunia la mpunga na kwa mama mjamzito anayewahishwa hospitali, lami hiyo ni neema. Lakini mgeni sasa anaweza kupita Ipinda kioo cha gari kikiwa kimefungwa, akalala Matema siku mbili na kurudi Mbeya akisema ameiona Kyela. Ameona mchanga na maji. Mpunga, kakao na watu wanaoilisha wilaya hiyo wamebaki nyuma yake.

Makala haya ni kwa yule anayetaka kushuka. Huenda ni mkulima wa Mbarali au Mbozi anayekwenda kumtembelea ndugu, mwalimu aliyepangiwa kazi huko, au kijana wa Dar es Salaam ambaye babu yake alitoka Kyela na yeye hajawahi kufika.

Njia ya kufika

Kutoka Mbeya, magari ya Kyela yanapita Uyole, yanapanda Isongole kwenye mashamba ya viazi, kisha yanateremka Kiwira na Tukuyu. Safari nzima ni kama saa tatu, zaidi kidogo gari likisimama sana. Jiandae kwa mabadiliko ya hali ya hewa. Isongole iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Utapanda gari ukiwa na koti zito na utashuka ukitafuta kivuli. Njiani utaona viazi vikiacha nafasi kwa chai, chai kwa migomba, na migomba ikichanganyika na kakao, michikichi na mpunga.

Barabara kuu inaendelea hadi Kasumulu, mpakani na Malawi kwenye Mto Songwe. Kwa Kyela na Ipinda unaiacha barabara hiyo Ibanda. Mwambie kondakta mapema kwamba unakwenda Ipinda, maana wengine watakupeleka Kyela mjini kwanza. Hilo si kosa kubwa, kwa sababu kutoka Kyela mjini kuna magari madogo, bajaji na bodaboda za Ipinda.

Njia ya pili ni ile ya Tukuyu kupitia Masoko. Ni ya polepole na kwenye mvua inasumbua, ila ndiyo yenye mengi ya kuona. Tutairudia baadaye.

Mvua ndiyo kalenda

Ukitaka kujua lini uende, usiulize tarehe, uliza mvua. Kyela ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi kuliko yote Tanzania, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mvua ya Dodoma. Huanza karibu na Novemba na kuzidi nguvu kuanzia Machi hadi Mei.

Sababu iko wazi kwa macho. Mvuke wa ziwa unapanda, unakutana na Milima ya Livingstone na Mlima Rungwe, unapoa na kuanguka. Maji hayo yanarudi uwandani kwa mito minne mikubwa: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo. Mito hiyo inatoka kwenye miteremko mikali, kisha inafika mahali tambarare ambapo haina pa kwenda haraka. Inatanua, inabadili njia na kuingia mashambani na hata majumbani. Mto Songwe umehamahama kiasi kwamba mpaka wa Tanzania na Malawi umekuwa suala la kujadiliwa na nchi mbili, kwa kuwa mto wenyewe ndio mpaka.

Mafuriko hayo hayo ndiyo yanayoleta udongo mweusi unaozaa mpunga. Mkulima wa uwandani hawezi kuyatakia mema wala mabaya yote kwa pamoja. Mwaka mmoja yanamrutubishia shamba, mwaka mwingine yanaondoka na miche pamoja na kuku. Kwa mgeni jambo ni rahisi zaidi. Aprili usiende kwa matembezi tu. Ukilazimika kwenda, mpigie simu mwenyeji wako siku hiyo hiyo asubuhi, si wiki moja kabla, na usikubali bodaboda ikuvushe kwenye maji yanayopita juu ya barabara, hata kama wenzako wamevuka.

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Juni mpunga unakuwa unavunwa au umeanikwa, na hewa ina unafuu. Kumbuka tu kwamba miezi hiyo upepo wa kusini huvuma kwa nguvu ziwani, na mawimbi ya Nyasa si ya kuchezea.

Mchele na kakao

Mchele wa Kyela unajulikana sokoni hadi Dar es Salaam kwa harufu yake. Unajulikana kiasi kwamba mchele wa kutoka kwingine huvalishwa jina hilo. Ukiwa Ipinda unaununua karibu na shamba ulikotoka, na hiyo peke yake ni sababu ya kushuka. Uliza kama ni wa msimu huu au wa mwaka jana. Mpya hunukia zaidi, ila hushika maji na kushikamana ukipikwa, kwa hiyo punguza maji. Wa zamani unachambuka vizuri zaidi. Mama muuzaji atakuambia kweli ukimsalimia kwanza kabla ya kuuliza bei.

Kakao ni habari nyingine, na wasikilizaji wetu wa mikoa mingine wengi hawajawahi kuuona mti wake. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania inatoka Kyela. Mti si mrefu, unapenda kivuli, na kwa hiyo hupandwa kati ya migomba na miti mingine. Matunda hayaning'inii kwenye matawi peke yake, yanatoka kwenye shina lenyewe kana kwamba yamebandikwa. Tunda likiiva linapasuliwa, ndani mna mbegu zilizofunikwa utando mweupe mtamu. Mbegu hizo hazikaushwi hapo hapo. Kwanza zinavundikwa kwenye majani ya migomba au masanduku ya mbao kwa siku tano hadi saba, zikigeuzwa, mpaka zipate joto na kubadilika rangi. Baada ya hapo zinaanikwa juani kwenye vichanja. Asiyevundika vizuri anauza mbegu chungu isiyo na harufu ya chokoleti.

Kakao iliyokauka inapelekwa kwenye vyama vya ushirika vya msingi na kuuzwa kwa mnada, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola za Marekani 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwa sababu mavuno ya Ivory Coast na Ghana yalikuwa mabaya. Mwaka uliofuata bei ikaanza kushuka. Mkulima wa Ipinda hana mkono katika mvua ya Ghana, lakini mvua hiyo ndiyo inayoamua kama mwaka huu anaezeka bati au anasubiri.

Hapa kuna mambo mawili ya kumhusu mgeni. La kwanza, shamba la kakao ni fedha iliyoning'inia shinani. Usiingie bila mwenyewe, hata kupiga picha tu, maana mtu asiyejulikana akionekana ndani ya kakao ana maswali ya kujibu. Ukiomba, wengi watakutembeza kwa furaha na watakupa mbegu mbichi umung'unye utando wake. La pili, usinunue kakao kwa mtu wa pembeni, mbichi au kavu, eti ukajaribu biashara. Biashara ya kichochoroni ndiyo inayomnyonya mkulima aliyebanwa na ada ya shule, na inaweza kukuingiza mikononi mwa sheria.

Watu na adabu zao

Wenyeji wa uwanda huu ni Wanyakyusa. Ng'ambo ya Songwe, upande wa Karonga nchini Malawi, wako Wangonde, ndugu zao kwa lugha na desturi. Mpelelezi Joseph Thomson kutoka Scotland alipita kaskazini mwa ziwa mwaka 1879, na katika kitabu chake alisifu migomba, nyumba na usafi wa vijiji alivyoviona. Ukitembea leo asubuhi nyuma ya barabara kuu utakuta nyua zimefagiwa kabla jua halijapanda, na utaelewa alichokiona.

Kuna jambo moja lililowafanya Wanyakyusa wajulikane duniani miongoni mwa wasomi wa mila, nalo ni vijiji vya rika. Zamani mvulana alipofika umri wa miaka kumi hivi aliacha kulala kwa baba yake. Yeye na wenzake wa rika walijenga vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha wazazi. Walikula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima likihama kutoka jiko moja hadi jingine, lakini usiku walikuwa kwao. Walikua pamoja, wakaoa na kuleta wake zao hapo, na kile kibanda cha watoto kikawa kijiji kamili. Wakati ulipowadia, kizazi cha baba kilikabidhi utawala na ardhi kwa kizazi cha watoto katika sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka. Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica alichapisha kitabu kuhusu vijiji hivyo.

Mfumo huo haupo tena. Ardhi ilipungua, vijana walikwenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya na kwenye migodi ya kusini mwa Afrika, na mazao ya kuuza yakafanya kila mtu ashikilie shamba lake. Ila desturi moja iliyokwenda sambamba nao bado unaweza kuikuta kwa wazee na familia zinazoshika mila. Baba mkwe na mkamwana hawakutani ana kwa ana. Akimwona anakuja, mwanamke hupisha njia au hugeuka. Mgeni asiyejua hudhani kuna ugomvi. Hakuna ugomvi, ni heshima, na usijaribu kuwapatanisha.

Salamu za Kinyakyusa hazichukui muda kujifunza. Asubuhi utasikia "ugonile", yaani umelala salama, na kwa mtu mzima au watu wengi "mwagonile". Jibu ni "ndaga". Neno hilo hilo ni asante, na ukitaka kushukuru sana sema "ndaga fijo". Ukisema hivyo baada ya kula, watu watacheka na kukuongezea.

Chakula chenyewe ni wali au ndizi za kupika, mbalaga zikiwemo, pamoja na samaki. Mbasa ni samaki mkubwa wa ziwa hili anayepanda mitoni kuzaa. Usipa ni dagaa wadogo wa Nyasa, huanikwa juani. Ukikaribishwa kula nyumbani usikatae kwa kisingizio cha kushiba, onja. Ukikuta msiba njiani, na misiba ya huku hukusanya watu wengi, punguza mwendo, zima muziki wa gari na usipige picha.

Matema, Lyulilo na Ikombe

Kutoka Ipinda barabara inaelekea mashariki, mpunga ukiwa kushoto na kulia, hadi milima inapoonekana kama ukuta mbele yako. Hapo ndipo Matema. Uwanda unaisha, Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja majini, na kati yake kuna ufuko mrefu wa mchanga. Kuna nyumba za wageni za kanisa na za watu binafsi, na kuna hospitali ya Kilutheri ambayo ni tegemeo la eneo zima.

Wengi wanaishia kwenye mchanga huo. Tunakushauri utembee kidogo kuelekea mashariki hadi Lyulilo. Hapo kuna soko la vyungu ambalo limezoeleka kuwa Jumamosi, ingawa ni vizuri kuuliza kwa wenyeji kabla ya kupanga safari. Vyungu hivyo vinafinyangwa na wanawake wa Kikisi, watu wanaoishi kwenye ukanda mwembamba kati ya milima na maji, ambako hakuna nafasi ya kulima shamba la maana. Wanaume wanavua, wanawake wanafinyanga. Kwa vizazi vingi chungu kimekuwa shamba lao. Kilisafirishwa kwa mtumbwi hadi uwandani na kubadilishwa kwa nafaka, na sasa kinafika Mbeya, Iringa na mbali zaidi.

Ikombe, kijiji cha wafinyanzi, kiko mbele ya Lyulilo, nako unafika kwa miguu au kwa mtumbwi. Ufinyanzi wao hautumii mashine. Udongo unazungushwa kwa mkono, unalainishwa, unapambwa kwa rangi ya udongo mweupe na mwekundu, kisha unachomwa kwenye moto wa wazi. Chungu kimoja kikipasuka motoni, kazi yake yote imepotea. Kabla ya kununua, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti nzito iliyokufa kina ufa. Na ukijadiliana bei, kumbuka kwamba bei ya Lyulilo ndiyo ndogo kuliko zote utakazokutana nazo, maana kila anayekibeba chungu hicho kwenda mbele anaongeza ya kwake. Kuikata tena hadi nusu ni kumwonea aliyefanya kazi ili kumsaidia aliyekuja kutembea.

Upande huo wa ufuko kuna pia mahali panapoitwa Pali Kyala, penye pango la matambiko ya zamani. Kyala alikuwa shujaa aliyeheshimiwa, na leo Wakristo wa Kinyakyusa wanalitumia jina lake kumtaja Mungu. Usiende bila mwenyeji na bila kuomba ruhusa kwa wazee.

Wamisionari Wajerumani wa Kimoraviani na wa Berlin walifika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891. Serikali ya Kijerumani nayo iliweka kituo chake cha kwanza cha eneo hili ufukweni, huko Lumbila, kusini zaidi ya Ikombe. Joto na malaria viliwashinda, wakahamia juu kwenye baridi, mahali panapoitwa sasa Tukuyu.

Malaria hiyo bado ipo. Lala kwenye chandarua, na ukirudi nyumbani ukapata homa ndani ya wiki chache, mwambie mganga kwamba ulikuwa Kyela. Kichocho nacho kipo ziwani, hasa penye maji yaliyotulia yenye majani. Ogelea kwenye mchanga safi wenye mawimbi, si kwenye midomo ya mito, ambako pia ndiko mamba na viboko wanakopenda kukaa. Waulize wavuvi, si wenzako mliopanga nao chumba.

Kurudi kwa njia ya Masoko

Kama una siku ya ziada, usirudi kwa lami. Panda kutoka Ipinda kuelekea Tukuyu. Barabara inapita mashamba ya kakao, kisha migomba, na kabla ya Tukuyu utalikuta Ziwa Masoko, ziwa la mviringo lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani. Wajerumani walikuwa na ngome hapo, na Waingereza waliitumia baada yao. Kila mtu wa eneo hilo atakusimulia kwamba Wajerumani walipokimbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia walitupa dhahabu na fedha zao ziwani. Huenda ni kweli, huenda ni ya kunogesha mazungumzo. Msimulizi mzuri hulipwa soda, na hiyo ndiyo dhahabu ya uhakika iliyotoka katika ziwa hilo.

Mwenye kiu ya safari anaweza pia kutoka kwa maji. Meli ya abiria MV Mbeya II, iliyojengwa hapa hapa Kyela, imekuwa ikihudumia mwambao wa Tanzania hadi Mbamba Bay mkoani Ruvuma, ikipita bandari ndogo kama Lupingu na Manda. Bandari ya Itungi husumbuliwa na mchanga unaoletwa na mito ile ile tuliyoitaja, kwa hiyo meli zimekuwa zikitumia Bandari ya Kiwira. Ratiba hubadilika. Uliza ofisi ya bandari kabla hujafunga mizigo, beba maji na chakula chako, na ukinunua vyungu Lyulilo vifunge kwa majani makavu ya mgomba ndani ya tenga, mdomo ukiangalia chini.